Kanisa la Ndani ya Behewa

Mwaka 1986 serikali ya makaburu ilipotangaza hali ya hatari Afrika Kusini nzima, picha zilizouzika ng'ambo zilikuwa zilezile: tairi linawaka, askari kaelekeza bunduki, kijana kashika jiwe. Santu Mofokeng, mzaliwa wa Soweto aliyewahi kuwa msaidizi katika chumba cha giza cha kusafishia picha, wakati huo alikuwamo katika Afrapix, kundi la wapigapicha waliopinga ubaguzi. Yeye alipanda treni ya wafanyakazi baina ya Soweto na Johannesburg, akawapiga picha abiria wakisali.

Wanasali wamesimama, bega kwa bega. Mhubiri hana mimbari, na ukuta wa behewa ndio ngoma. Huyu kafumba macho, yule anaimba, na pembeni yao kuna abiria ambaye dini haimhusu, anataka kufika kazini tu. (Tunaopanda daladala za asubuhi tunamjua huyo.) Mofokeng hakusimama mbali akawachungulia. Kamera yake imebanwa humohumo kwenye msongamano, ndiyo maana baadhi ya nyuso zimefifia na mikono imeacha michirizi. Fundi wa studio angezitupa picha hizo. Mimi naziona ni bora kuliko zilizotulia, kwa kuwa mtikisiko wa treni umeingia ndani yake.

Lakini kwa nini wasali garini? Kwa sababu sheria ziliwaweka Waafrika mbali na mji waliouhudumia. Mtu aliondoka nyumbani alfajiri, akarudi jioni amechoka, na njiani ndipo alipopata nafasi ya kuzungumza na Mungu wake. Polisi haonekani pichani, wala halionekani lile bango la "wazungu tu", na bado sioni picha ya maandamano inayoueleza ubaguzi kwa ukamilifu kama hizi. Ukimwona mama anaimba alfajiri hiyo, huna budi kujiuliza ameamka saa ngapi.

Baadaye Mofokeng alitumia miaka mingi kukusanya picha za kale za familia za Waafrika, za kati ya 1890 na 1950, watu waliokwenda studio kwa hiari yao wakiwa na suti na magauni. Alifariki mwaka 2020.

Mimi hurudi kwenye treni. Ikifika Johannesburg, kanisa linavunjika mlangoni. Mhubiri anashuka na mfuko wake wa chakula, anatoweka katika umati, mpaka treni ya jioni.