Sifa za Mshiko

Anayeingia karakana ya leithi kwa mara ya kwanza huvutwa na kisu: maranda ya chuma yanayojiviringa yakibadilika rangi, mlio, moshi wa mafuta. Macho ya fundi yako kwingine. Yako kwenye chaki, lile gurudumu zito lenye taya, linalobana kazi na kuizungusha. Kisu kibovu huchafua uso wa kazi, na uso hurekebishika. Mshiko mbovu hupotosha kipimo chenyewe, na siku mbaya huirusha kazi nje ya mashine kuelekea kifua cha mtu. Ukitaka kumjua fundi wa kukereza, mtazame anapoamua namna ya kushika.

Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria, ni mahali pazuri pa kulifikiria jambo hili, kwa kuwa ziwa huwaletea mafundi vitu visivyotaka kushikwa. Chukua propela. Omena huvuliwa usiku kwa taa, mbuta hufuatwa mbali, na boti nyingi siku hizi husukumwa na injini inayofungwa nyuma. Ndani ya kitovu cha propela nyingi za injini hizo mna bushi ya mpira. Propela ikigonga mwamba, mpira huo huteleza ili gia zisivunjike. Baada ya kupigwa hivyo mara kadhaa, huchoka na kuteleza hata mahali pasipo na mwamba: injini inanguruma, boti haisogei, na mvuvi anajikuta anapiga kasia huku samaki wake wakiharibika. Propela mpya ni ghali. Kwa hiyo ile ya zamani inafungwa kwenye gunia na kupelekwa kwa fundi ng'ambo ya daraja, Mbita, ili ichongewe bushi.

Sasa iweke kwenye chaki. Ina mabawa matatu yaliyopinda, kila moja likielekea upande wake, wala huna pa kubana kwenye mabawa. Kitovu chake kwa nje ni aluminiamu nyembamba, na mara nyingi nyuma kimepanuka. Taya zikikishika kwa nguvu, kinabonyea. Zikikishika kwa ulegevu, kisu kinaing'oa kazi. Fundi mmoja niliyemtazama aliizungusha propela mikononi kwa muda mrefu kabla ya kugusa mashine. Mwenye boti, aliyekuwa na haraka, akamwuliza, "Fundi, itakuwa tayari saa ngapi?" Akajibiwa kwa upole, "Ngoja kwanza nione itakaaje, baba." Akaichagua chaki ya taya nne, ambayo kila taya husogezwa peke yake, akaweka vipande vya bati laini kati ya taya na aluminiamu, kisha akaleta saa ya kupimia na kuizungusha kazi kwa mkono. Sindano ilipoyumba alilegeza taya moja na kukaza ya mkabala wake, kidogo, tena kidogo, hadi sindano ikatulia. Kukata kwenyewe kulichukua muda mfupi kuliko matayarisho hayo.

Adui mgumu kuliko mabawa ni wembamba. Pete nyembamba ikibanwa na taya tatu, husukumwa mahali patatu na kuvimba kati yake, ingawa kwa jicho huoni kitu. Fundi anatoboa tundu, anapima, tundu ni duara kamili. Anafungua chaki, pete inarudi katika umbo lake la asili, na lile tundu la duara linageuka kuwa na pembe tatu butu. Kipimo kilikuwa sahihi, kazi ni mbovu. Ni kosa lililofanywa na mshiko peke yake, na kisu hakina lawama. Dawa zake zipo: taya laini zilizochongwa kwa kipenyo cha kazi ile ile, zinazoikumbatia karibu mzingo mzima, au kuibana kazi kwa ubapa wake badala ya ubavu, au kuishika kutoka ndani kwa mandreli inayotanuka.

Hapa ndipo ninapozistahi chaki za haidroliki, zile za viwanda vikubwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta. Kenya tuliingia katika njia hiyo kwa mlango wa gari: ule mradi wa gari la Kenya, Nyayo Pioneer, ulioonyesha magari yake mwaka 1990 ndio uliozaa kiwanda cha Numerical Machining Complex, Nairobi. Katika chaki ya aina hii, silinda iliyo nyuma ya mashine husukumwa na mafuta, huvuta bomba, na bomba husogeza taya. Uzuri wake si nguvu tu. Nguvu ile hupimika. Mkono wa fundi asubuhi si mkono wake jioni, lakini shinikizo la mafuta hukaa pale vali ilipowekwa, kwa kipande cha kwanza na cha elfu. Fundi anaweza kubana kwa nguvu anapoparua, kisha akapunguza shinikizo kwa mkato wa mwisho ili pete ipumue.

Hata hivyo chaki hizo hazina moja inayofaa yote. Kuna zenye taya zinazojirekebisha: kila moja husogea hadi iguse kazi iliyomiminwa kombokombo, ndipo zote zibane kwa nguvu sawa bila kuisukuma nje ya kitovu chake. Kuna za taya mbili kwa mwili wa vali au kiwiko cha bomba. Kuna zinazoigeuza kazi robo mzunguko bila kuiachilia, ili matundu yote manne ya kiungo cha msalaba yakatwe kwa mshiko mmoja. Halafu kuna suala la kasi. Taya zinapozunguka mbio hutaka kukimbilia nje, kwa hiyo zinazobana kwa nje hupungukiwa na nguvu, na zinazotanuka ndani huongezewa. Asiyelikumbuka hili anaweza kukaza vizuri mashine ikiwa imesimama na kushikilia kidogo sana inapokimbia.

Kisiwa chenyewe kina ushahidi wa zamani wa hekima hii, nje kabisa ya karakana. Mwaka 1948 mtafiti wa visukuku Mary Leakey aliona meno na mfupa vikichomoza kwenye mteremko wa Rusinga. Lilikuwa fuvu la nyani mkubwa wa takriban miaka milioni 18 iliyopita, wakati huo akiitwa Proconsul, limevunjika vipande vingi. Kitu kama hicho hakivumilii vidole vyenye pupa. Kilitolewa udongoni polepole, kikaunganishwa kipande kwa kipande, kisha yeye mwenyewe akakisafirisha hadi Uingereza kwa mtaalamu Le Gros Clark. Jina la Rusinga lilienea duniani kwa sababu mtu mmoja alijua kushika bila kubonyeza. Swali alilojiuliza ni lile lile analojiuliza fundi mbele ya aluminiamu nyembamba: nitabana wapi, kwa kiasi gani, na kitu hiki kitakuwaje nikikiachilia?

Vyuo vyetu vya ufundi hufundisha pembe za kisu na kasi za mashine, na ni vizuri. Naona ushikaji unastahili muda sawa na huo. Mwanafunzi apewe pete nyembamba, aibane, aitoboe, aifungue na kuipima tena, aone kwa macho yake vile chuma kinavyorudi.

Na wewe mwenye boti, utakapopeleka propela yako, mwulize fundi ataishikaje kabla ya kumwuliza bei. Akikujibu kwa kuigeuza mikononi na kunyamaza kidogo, mwachie kazi, wala usimbane kwenye malipo. Muda anaoutumia kabla ya kuwasha mashine ndio hasa unaoulipia.