Machozi ya Sue Ellen

Mara nyingi tunacheka mama zetu kwa sababu ya kupenda michezo ya televizyo. Tunasema: «Wanapoteza wakati bure.» Lakini tumewauliza lini?

Tutwae mfano mmoja. Tangu 1978 mpaka 1991 televizyo ya Marekani ilionyesha mchezo uitwao «Dallas», nao ukatazamwa katika nchi nyingi. Ndani yake yumo tajiri wa petroli, J.R. Ewing, pamoja na bibi yake Sue Ellen. Bwana anazini waziwazi. Bibi anazama katika pombe. Kisha bwana yuleyule anamfungia katika nyumba ya wagonjwa, kana kwamba kosa ni la mama peke yake.

Kule Uholanzi, mwanamke mwenye elimu, Ien Ang, alitia tangazo katika gazeti la wanawake, akiomba watazamaji wamwandikie maoni yao juu ya mchezo huo. Akapata barua 42, akazitungia kitabu kilichotoka mwaka 1982. Aliona kwamba waliopenda mchezo walijua vema kuwa majumba na utajiri ule ni wa kubuniwa. Lakini huzuni ya moyo waliitambua kuwa ya kweli. Basi wanawake wale hawakuwa wajinga.

Lakini mchezo wenyewe una kosa kubwa: unampa mwanamke machozi, haumpi neno. Sue Ellen anaachana na bwana wake, kisha anaolewa naye tena, na mateso yanaanza upya. Mwandishi anahitaji kilio chake ili mchezo uendelee. Mwaka 1989 tu, akiwa karibu kutoka, Sue Ellen anatengeneza filamu juu ya ndoa yake, na kuonyesha mwenyewe matendo ya J.R. Alingoja zaidi ya miaka 10 apate kusema.

Neno hili latuhusu sisi mapadri na wakatekista. Mama akitufikia na uso umevimba, tunamjibu nini? Mara nyingi: «Vumilia, mama.» Anarudi nyumbani, na mateso yanaanza upya. Hapo tofauti yetu na mwandishi yule ni ipi? Papa Yoane Paulo II, katika barua Mulieris Dignitatem ya mwaka 1988, alifundisha kwamba kutii katika ndoa kunawapasa wote wawili, kila mmoja kwa mwenzake. Tena Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni 1153, inamruhusu mwenye ndoa kuondoka, kama mwenzake anamtia katika hatari kubwa ya roho au ya mwili. Tumewafundisha Wakristu jambo hili? Na bwana, tumemwita tukamwuliza?

Bwana wetu Yezu, kule kisimani, alizungumza na mwanamke Msamaria hata wanafunzi wakashangaa. Na watu wengi wa mji ule waliamini kwa neno la mwanamke huyo.

Basi, katekista akikuta akina mama mbele ya televizyo, asikimbilie kuizima. Akae nao, kisha aulize kwa heshima: «Mama, unamlilia nani?» Tena awe tayari kusikiliza jibu mpaka mwisho.