Nyota Zilezile, Darubini Mbili

Katika mzozo wa kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, kazi ninayoiona bora kuliko zote ni ile iliyowarudisha wanaastronomia kwenye nyota walizokwisha kuzipima.

Setilaiti ya Planck ilisoma mwanga wa kale, wa tangu ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi. Kutokana nao, kwa kufuata nadharia inayokubalika, kasi ya leo hukokotolewa kuwa kilomita 67.4 kwa sekunde kwa kila megaparseki. Timu ya mwanaastronomia Adam Riess haikupitia nadharia hiyo. Ilipima umbali wa galaksi, na mwaka 2022 ikatangaza 73.

Kipimo chake huanzia kwa Sefeidi, nyota zinazong'aa na kufifia kwa mzunguko maalumu. Henrietta Leavitt alionyesha mwaka 1912 kwamba kadiri mzunguko unavyorefuka ndivyo nyota inavyong'aa zaidi. Ukijua mng'ao halisi, umbali unapatikana. Sefeidi husawazisha supanova, nazo supanova hufika mbali zaidi. Kosa la hatua ya chini hupanda hadi ya juu.

Shaka ilikuwa hapo. Katika galaksi za mbali, mwanga wa Sefeidi huchanganyika na wa majirani zake. Usipoondolewa wote, nyota itaonekana angavu kupita kiasi, umbali utapungua, na kasi itapanda. Kama kweli hilo ndilo kosa, lazima likue kadiri galaksi inavyokuwa mbali. Darubini ya James Webb, yenye macho makali kuliko darubini ya Hubble iliyozipima awali, katika mwanga wa infraredi, ikapima upya zaidi ya Sefeidi 1,000. Matokeo ya 2024: umbali uleule, wala hakuna kosa linalokua.

Mzozo wa pili, wa jinsi maada ilivyojikusanya, ulikwenda kinyume. Mradi wa KiDS nchini Chile ulipima jinsi maada inavyopinda mwanga wa galaksi zilizo nyuma yake, na kwa miaka ulipata mkusanyiko hafifu kuliko wa Planck. Mwaka 2025, baada ya umbali wa galaksi hizo kusahihishwa vizuri zaidi, tofauti ikakaribia kutoweka.

Kwa hiyo siwezi kuzihesabu tofauti hizi mbili kuwa dalili ya ugonjwa mmoja. Ya kasi ingali hai, ingawa timu ya Wendy Freedman, kwa aina nyingine za nyota, hupata karibu 70. Kinachohitajika ni njia isiyogusa Sefeidi wala supanova. Mawimbi ya mvutano ya nyota mbili za nyutroni zilizogongana, yaliyonaswa mwaka 2017, yalitoa 70, lakini kwa ukingo wa makosa mpana kiasi cha kuzimeza 67 na 73 kwa pamoja. Migongano kama hiyo inahitajika kwa makumi.