Kilemba cha ukoka ndani ya mashine ya MRI

Fedha hupimika: ukimwongezea mtu, unajua umemwongezea kiasi gani. Sifa njema haina noti wala sarafu. Mwaka 2008, watafiti wa Japani Keise Izuma, Daisuke Saito na Norihiro Sadato walichapisha katika jarida la Neuron jaribio lililojaribu kuviweka viwili hivyo kwenye mzani mmoja. Matokeo yake yamenukuliwa kila kona. Kwangu, ufundi uko zaidi katika namna jaribio lenyewe lilivyosukwa.

Washiriki walikuwa 19. Upande wa fedha ulikuwa mchezo wa karata: umelala ndani ya mashine ya MRI inayopiga picha za ubongo, unaona karata tatu, unachagua moja, unaambiwa umepata nini. Mshiriki alidhani ni bahati yake, kumbe watafiti walishapanga lini atapata nyingi, lini kidogo, lini atoke mikono mitupu.

Upande wa sifa ulihitaji ujanja zaidi. Kila mshiriki alijaza dodoso kuhusu tabia zake na kurekodiwa video akijitambulisha, akaambiwa kuwa watu asiowajua wangempima kwa hayo. Alipoingia tena kwenye mashine aliona picha ya uso wake mwenyewe pamoja na neno linalomweleza, mathalani kwamba ni mwaminifu. Hukumu hizo zilikuwa zimetungwa na watafiti. Washiriki walivishwa kilemba cha ukoka, na ubongo ukakipokea kama cha hariri.

Bila uongo huo jaribio lisingesimama. Maoni ya kweli yangempandisha mmoja na kumshusha mwingine, na hapo usingejua kama tofauti unayoiona inatokana na ubongo au na dozi ya sifa. Kwa kuyatunga, kila mtu alipata kipimo sawa.

Mashine nayo ina masharti yake. MRI haioni wazo wala furaha. Inafuatilia oksijeni katika damu, njia iliyotokana na kazi ya mwanasayansi Seiji Ogawa mwaka 1990. Seli za neva zikichapa kazi, damu yenye oksijeni huja kwa wingi, lakini hufika kileleni baada ya sekunde kama 5. Neno moja la sifa laweza kupotea humo. Ndiyo sababu sifa zilipangwa kwa mafungu, nzito na nzito, nyepesi na nyepesi, ili mwitikio ujikusanye.

Kilichoonekana ni kwamba striatamu, eneo lililo ndani kabisa ya ubongo linalopokea kemikali ya dopamini kwa wingi, liliamka kwa fedha na kwa sifa, na sehemu zilizoamka kwa kila kimoja zikapandiana. Hapo wengi wakakimbilia kusema kwamba kwa ubongo, sifa ni fedha. Mimi sifiki huko. Picha ya MRI hukatwa vipande vya milimita chache, na kimoja tu kina maelfu kwa maelfu ya seli. Ni kama nyumba ya kupanga: kutoka barabarani unaona taa ya ua inawaka, hujui mpangaji yupi kaiwasha. Isitoshe, striatamu huhusika pia na kujifunza na hata mwendo wa viungo. Mtafiti wa ubongo Russell Poldrack alishaonya mwaka 2006 juu ya kubahatisha hisia ya mtu kwa kutazama tu eneo lililowaka.

Jaribio la Izuma na wenzake la mwaka 2010 linanishawishi zaidi, kwa sababu humo fedha na sifa zinagombana. Mshiriki alichagua kuchangia shirika la hisani au kubaki na fedha, mara akitazamwa, mara akiwa peke yake. Sehemu ya chini ya striatamu iliitikia zaidi katika hali mbili: kutoa mbele ya watu, na kubaki na fedha pasipo na wa kuona.

Mwaka uliofuata, Izuma akiwa na watafiti wa Caltech, Marekani, walipima watu wazima wenye usonji kwa zoezi kama hilo la kuchangia. Wenzao wasio na usonji walichangia zaidi walipotazamwa, wenye usonji hawakubadilika. Si kwamba hawakumtambua mtazamaji. Katika kazi nyingine ya kupima umakini, isiyohusu kutoa, makundi yote mawili yalifanya vizuri zaidi mbele ya mtu.