Nyusi Zinavyopunguza Umri

Chukua filamu mbili za Hollywood, zote za picha nyeusi na nyeupe. Katika Dinner at Eight ya mwaka 1933, Jean Harlow anaigiza mke wa tajiri akiwa na umri wa miaka 22. Katika Roman Holiday ya mwaka 1953, Audrey Hepburn anaigiza binti mfalme anayetoroka ubalozi wa nchi yake usiku. Filamu ilipopigwa alikuwa na miaka 23. Mtazamaji asiyejua tarehe zao za kuzaliwa atadhani Harlow ndiye mkubwa, tena kwa miaka kadhaa. Nywele, mavazi na nafasi walizopewa zina mchango wao. Lakini ukiziba picha pale chini ya macho, ukabakiza macho na paji la uso tu, tofauti haiondoki. Harlow ana mstari mwembamba wa penseli uliopinda nusu pete, umekaa juu, mbali na jicho. Hepburn, aliyepambwa na Mwitaliano Alberto De Rossi, ana nyusi pana, nyeusi, zilizopinda kidogo tu na kulikalia jicho kwa karibu.

Wauza vipodozi wamelifupisha somo hili kuwa kauli moja: nyusi nene ni ujana. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayowaponza wateja. Nyusi hupunguza umri zinaporudisha kitu ambacho miaka imekiondoa usoni. Zikileta kitu ambacho uso huo haujawahi kuwa nacho, huongeza miaka badala ya kuipunguza. Ili kuona jambo hili linavyofanya kazi, tulitenganishe katika sehemu tatu: weusi, mahali na ukingo.

Weusi

Mwaka 2013 Aurélie Porcheron, Emmanuelle Mauger na Richard Russell walichapisha utafiti katika jarida la PLOS ONE. Walikusanya picha za wanawake Wazungu wa umri mbalimbali, wakapima kwa kompyuta jinsi nyusi, macho na midomo inavyotofautiana kwa rangi na ngozi inayoizunguka. Baadhi ya tofauti hizo zilipungua kadiri umri ulivyopanda. Kama wangeishia hapo, wangekuwa wamethibitisha tu kwamba mambo mawili huenda pamoja. Hatua iliyofuata ndiyo yenye uzito: walichukua uso uleule, wakauongezea tofauti hiyo kwa kompyuta, kisha wakaipunguza, na kuwaonyesha watu. Uso ulioongezewa ulionekana mdogo. Uliopunguziwa ulionekana mzee. Hakuna mkunjo hata mmoja uliofutwa.

Mwaka 2017 Porcheron, Russell na wenzao walirudia jambo hilo kwa nyuso za Wachina, za wanawake wa Amerika ya Kilatini na za wanawake weusi wa Afrika Kusini, huku watazamaji wakiwa Wafaransa na Wachina. Matokeo yalikwenda njia ileile. Jicho la mwanadamu, kumbe, halihesabu mikunjo peke yake linapokadiria umri. Hupima pia jinsi viungo vya uso vinavyojitenga na ngozi.

Unyusi una nafasi kubwa katika kipimo hicho kwa sababu ni bapa la weusi lililo juu kabisa ya uso, mahali pasipo na kitu kingine. Mwaka 2003 watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani walifuta nyusi katika picha za watu maarufu, na katika picha nyingine wakafuta macho. Bila macho, watu waliwatambua asilimia 56. Bila nyusi, asilimia 46. Yaani uso uliopoteza nyusi ulipotea zaidi ya uso uliopoteza macho.

Sasa turudi kwa Harlow na Hepburn. Filamu zao hazina rangi, kwa hiyo tofauti pekee iliyobaki ni ya weusi na weupe. Harlow alikuwa na nywele nyeupe za kuchovywa dawa, ngozi iliyomulikwa taa kali, na nyusi zilizopunguzwa hadi kubaki uzi. Sehemu yote ya juu ya uso wake ikawa nyeupe tupu. De Rossi aliyaacha mabapa mawili meusi yasimame juu ya macho ya Hepburn, na taa zikafanya yaliyobaki.

Kwa ngozi nyeusi hesabu hubadilika kidogo. Unyusi mweusi juu ya ngozi nyeusi hautofautiani sana kwa kiza. Unaonekana zaidi kwa wingi wa nywele zake na kwa jinsi zilivyolala. Mvi zinapoingia, haziufanyi unyusi uwe mweupe mara moja. Hupita kwanza wakati ambapo nywele nyeusi na nyeupe zimechanganyika, na mchanganyiko huo, ukiutazama kwa hatua mbili tatu, hukaribiana na rangi ya ngozi. Unyusi upo, lakini hauonekani. Hapo ndipo mtu anapoambiwa amechoka, naye amelala vizuri.

Mahali

Wengi huamini kwamba nyusi hushuka kadiri mtu anavyozeeka, kwa hiyo dawa ni kuzipandisha. Vipimo vya madaktari wa upasuaji wa uso vimeonyesha jambo gumu zaidi: kwa wanawake wengi, sehemu ya ndani na ya kati ya unyusi hupanda na umri. Sababu yake ni msuli wa paji la uso. Kope la juu linapolegea na kuanza kulifunika jicho, msuli huo huvuta nyusi juu ili njia ya kuona ifunguke. Lakini nguvu yake inaishia karibu na kipaji cha pembeni. Haufiki kwenye mkia. Mkia unabaki bila wa kuuvuta, nao unalala.

Kwa hiyo sura ya uzee si unyusi ulioshuka wote. Ni unyusi uliopanda katikati, ukaacha ngozi nyingi juu ya jicho, na kuanguka pembeni. Linganisha sasa na ule upinde wa juu wa miaka ya 1930: mpambaji alinyoa nyusi za chini, akachora mstari mpya juu, na bila kukusudia akampa msichana wa miaka 22 nafasi ya nyusi ya mwanamke wa miaka 60.

Wapambaji wana ramani yao. Mmarekani Michael Westmore, mpambaji wa Hollywood, aliieleza mbele ya madaktari wa upasuaji mwaka 1974: unyusi uanze juu ya kona ya ndani ya jicho, uishie kwenye mstari unaotoka bawa la pua kupitia kona ya nje ya jicho, na kilele chake kikae juu ya ukingo wa nje wa mboni. Tangu wakati huo wengi wamekisogeza kilele nje zaidi na kukishusha. Ramani hii inafaa kwa kuanzia. Ila kwa mteja wa miaka 50 swali la kwanza ni ujaze upande gani. Ukijaza ukingo wa chini wa mkia, unazidi kuulaza. Ukijaza ukingo wa juu wa mkia, unaunyanyua bila kunyoa chochote. Katikati ni kinyume: kujaza chini kidogo huziba ile ngozi iliyoachwa wazi.

Ukingo

Hapa ndipo saluni zetu zinapokosea zaidi. Katika saluni nyingi za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, kutinda nyusi maana yake ni wembe, kisha penseli nyeusi, kisha poda ya rangi ya ngozi inayopakwa chini na juu ili mstari ukate kama kisu. Weusi umepatikana, unene umepatikana, lakini uso umekuwa mzito. Unyusi wa kweli hauna ukingo mkali pande zote. Kichwa chake, karibu na pua, huanza kwa nywele chache zinazosimama. Katikati nywele za juu hushuka na za chini hupanda, zikakutana. Kwenye mkia zote hulala kuelekea nje. Kiza kinaongezeka polepole kutoka kichwani hadi kwenye kilele. Mstari wa penseli ulio sawa mwanzo hadi mwisho unafuta habari hiyo yote, na jicho la mtazamaji linasoma wanja badala ya nyusi.

Kazi nzuri huanza kwenye mkia, penye upungufu mkubwa, na kuishia kichwani kwa rangi iliyobaki kwenye brashi. Penseli iwe imechongwa kali, mchoro uwe mfupi kama nywele, uelekee nywele zinakoelekea. Rangi iwe ya kahawia iliyokolea kuliko nyeusi tii, hata kwa ngozi nyeusi sana. Kisha brashi ya nyusi ipite mara moja ili kuvunja mistari. Poda ya kusafisha ukingo, ikihitajika, ibaki chini ya mkia tu.

Kinachoondoa nyusi

Kabla ya kujaza nyusi, inafaa kujua kilichoziondoa. Wembe hukata nywele juu ya ngozi bila kugusa mzizi, kwa hiyo nyusi zilizonyolewa hurudi zilivyokuwa. Imani kwamba zitarudi nene zaidi haina msingi. Kibano na uzi hung'oa, na mzizi ukisumbuliwa miaka mingi unaweza kuacha kuotesha kabisa. Wanawake wengi wa Kiislamu wa pwani waliofuata katazo la wanazuoni la kung'oa nyusi wanafika uzeeni bila hasara hiyo.

Zipo pia sababu za kitabibu. Theluthi ya nje ya nyusi ikianza kupukutika, tezi ya thairodi inaweza kuwa imepunguza kazi. Ukoma, kaswende na magonjwa ya ngozi yenye mwasho wa muda mrefu nayo huondoa nyusi. Mwaka 1994 daktari Steven Kossard wa Australia alieleza ugonjwa unaorudisha nyuma mstari wa nywele za paji la uso kwa wanawake waliokoma hedhi, na nyusi mara nyingi huondoka nao. Mtu ambaye nyusi zake zimepotea bila kibano aende kwanza hospitali, saluni ifuate.

Subira nayo ina hesabu yake. Nywele ya kichwani hukua kwa miaka 2 hadi 6 kabla ya kupumzika; ya unyusi hukua kwa wiki chache tu, na mzunguko wake wote huchukua takriban miezi 4. Ndiyo sababu nyusi hazirefuki hadi mashavuni, na ndiyo sababu mafuta au dawa yoyote isihukumiwe baada ya wiki mbili. Bimatoprosti, dawa ya presha ya macho, iliruhusiwa Marekani mwaka 2008 kwa kukuza nywele za kope. Wengine huipaka kwenye nyusi, lakini inaweza kubadili rangi ya ngozi, na ni ya kutumiwa kwa ushauri wa daktari.

Njia za kudumu zinahitaji tahadhari zaidi. Nyusi za kuchanjwa kwa sindano ndogo hubaki mwaka mmoja hadi mitatu. Rangi nyingine hugeuka nyekundu zinapofifia, nyingine hugeuka buluu. Mwenye asili ya makovu yanayovimba, jambo linaloonekana zaidi kwa ngozi za Kiafrika, asikaribie sindano hizo. Na piko, ile rangi nyeusi ya nywele tunayochorea mikono harusini, isipandishwe kwenye nyusi: kemikali yake imewaunguza wengi kwa mzio, na hapo jicho liko jirani.

Nani afaidike

Utafiti mwingine wa Russell na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019, unatoa kipimo ambacho saluni zingekibandika ukutani. Walilinganisha nyuso zenye vipodozi na zisizo navyo. Wanawake wa miaka 40 na 50 walionekana wadogo walipopambwa. Wa miaka 30 hawakubadilika. Wa miaka 20 walionekana wakubwa. Mabinti hawakuwa na upungufu wa kuziba, na kilichozidi kilisomeka kama ukubwa.

Kwa hiyo msichana wa chuo anayenyoa nyusi zake nzima ili achorewe nene zaidi analipia kuzeeka. Mama yake, ambaye mkia wa unyusi umefifia na mvi zimeingia katikati, ndiye mwenye sababu ya kukaa kwenye kile kiti, na kazi yake ni ya dakika chache: alete picha yake ya miaka 20 iliyopita, na mpambaji ajaze kilichopungua tu.