Sababu ya Kila Milimita

Kazi ya dizaina wa Sinza kwa kawaida huanza na neno "haraka". Mteja anaingia steshenari na picha kwenye simu, anataka kadi, fulana, bango la fremu mpya au tangazo la kurusha kwenye magrupu ya WhatsApp, na anataka kesho asubuhi. Akiipenda analipa. Asipoipenda anasema "ongeza rangi kidogo". Hakuna anayeuliza kwa nini jina limekaa juu na si chini, wala kwa nini herufi hizi na si zile. Mkono unajifunza, unazoea, unajua. Mdomo haujawahi kuulizwa kitu.

Binti ninayemtazama ameitwa kwenye intavyuu. Ni kampuni ya matangazo upande wa Mikocheni, na ujumbe uliomwita umetaja mambo matatu tu: aje na kazi zake, ajiandae kwa jaribio la vitendo, na awe tayari kueleza maamuzi yake. Hilo la tatu ndilo lililomkalisha mezani. Kazi anazo tele, na mkono wake ni mwepesi. Anachotafuta ni maneno ya mambo ambayo mkono umekuwa ukiyafanya kimyakimya.

Chumba chake kiko uani, si mbali na Kwa Remmy, mahali palipobaki na jina la mwanamuziki Remmy Ongala aliyefariki mwaka 2010. Mezani kuna laptopu, mausi ya waya, daftari lisilo na mistari, penseli, rula ya chuma na kisu cha kukatia karatasi. Umeme wa LUKU ameujaza mapema, na kila baada ya dakika chache kidole kinahifadhi faili bila yeye kukitazama. Ndiyo tabia ya mtu aliyekwisha kukatikiwa na umeme katikati ya kazi.

Anaanza kwa kuchambua. Folda imejaa majina ambayo kila dizaina wa mtaani anayafahamu: HARUSI FINAL, HARUSI FINAL MPYA, HARUSI FINAL KABISA. Anafungua faili moja baada ya jingine, na mbele ya kila moja anajiuliza: wakiniuliza kwa nini, nitajibu nini? Akipata jibu analiandika kwenye daftari kwa sentensi moja. Asipolipata, faili linarudi kwenye folda, hata kama linapendeza. Bango la mechi ya Simba na Yanga, lililosambaa sana kuliko kazi zake zote, linatoka. Picha za wachezaji alizichukua mtandaoni, alichofanya yeye ni kuzikata na kuzipanga, na hataki kusimama mbele ya watu akijibu maswali kuhusu jasho la mpiga picha mwingine. Menyu ya mgahawa inabaki, ila chini yake anaandika: "Nembo si yangu, nimepanga kurasa na herufi." Mwisho wa uchambuzi zimebaki kazi sita.

Kazi ya kwanza ni kadi ya send-off. Kadi hizi zina utaratibu ambao watu wa mjini wanaujua bila kufundishwa: jina la familia juu, furaha waliyo nayo ya kukualika, mstari wa nukta unaosubiri jina lako, jina la binti anayeagwa, tarehe, ukumbi, na pembeni neno SINGLE au DOUBLE linaloamua kama utakuja peke yako au na mwenzako. Dizaina wengi hutumia muda wao kwenye maua ya kona. Huyu anashughulika na mstari wa nukta.

Anaichukua kadi ya zamani na kuipima kwa rula. Kati ya mstari wa nukta na maandishi ya juu yake kuna milimita 6. Anashika kalamu na kujaribu kuandika jina la mheshimiwa wa kubuni na mkewe. Vichwa vya herufi vinagonga mstari wa juu, na kwa kuwa kadi yote ilipigwa laminesheni ya kung'aa, wino unateleza. Anapitisha kidole gumba, jina linatapakaa. Anacheka kidogo, kisha anarudi kwenye laptopu. Nafasi inapanda kutoka milimita 6 hadi 10, mstari unarefushwa ubebe majina mawili, na karatasi inabadilishwa kuwa kadi ngumu isiyong'aa. Kwenye daftari anaandika kwamba kadi hii ina mteja wa pili asiyeonekana, yaani katibu wa kamati, atakayekaa usiku kujaza majina ya wageni kwa mkono.

Kutoka hapo anaingia ndani ya herufi. Kichwa cha kadi kinasema SHEREHE YA KUAGWA, kwa herufi kubwa. Programu imeacha nafasi sawa kihesabu kati ya herufi zote, lakini jicho halihesabu hivyo. W na A zina mabega yaliyolala, kwa hiyo zikikaa jirani linabaki pengo. H na E zimesimama wima, zinaonekana zimebanana. Anakuza kioo mpaka herufi tatu tu zinajaa skrini, anaisogeza A kidogo kuelekea W, anapunguza, anatazama kwa mbali, anaongeza tena. Kisha anaugeuza ukurasa juu chini. Maneno yakipinduliwa hayasomeki, na jicho likikosa cha kusoma linabaki kuona mapengo. Anafanya hivyo neno kwa neno, na hata mstari mdogo wa chini wenye namba za kuthibitisha kuhudhuria haurukwi.

Kwenye maelezo marefu ya menyu kuna tatizo jingine. Maneno yetu ni marefu na safu ni nyembamba, na programu iliyowekewa kanuni za Kiingereza inayakata maneno popote ipendapo. Anaizima kazi hiyo na kukata mistari mwenyewe. Silabi ya Kiswahili karibu kila mara huishia kwenye irabu, kwa hiyo anapokata anakata baada ya irabu, na hatenganishi "ng" wala "mb". Mara nyingi hakati kabisa: anahamisha neno zima, kisha anasoma kwa sauti kusikia kama pumzi inakatika mahali panapofaa.

Kazi ya pili ni nembo ya duka la vitenge na khanga. Mchoro wake ni lile umbo la korosho linalojirudia kwenye khanga, na hapa daftari linaonyesha safari nzima: korosho nyembamba, korosho nene, korosho yenye maua ndani, hadi ile iliyobaki na mistari miwili tu. Anazipiga picha kurasa hizo za penseli na kuziweka kwenye kitabu cha kazi, kabla ya nembo iliyokamilika, ili watazamaji waone alichokikataa.

Kwenye laptopu, umbo hilo limeundwa kwa vituo na mikunjo. Ufundi huu wa mikunjo ulienezwa katika miaka ya 1960 na Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya magari ya Renault ya Ufaransa, kwa ajili ya kuchora mabodi ya magari. Adobe waliuweka mikononi mwa wachoraji walipotoa Illustrator mwaka 1987. Anayeanza huweka vituo vingi, na umbo linatoka na vinundu. Duara linahitaji vinne. Binti anafuta kituo kimoja kwenye mgongo wa korosho, anavuta mkono wa kituo kilichobaki, na mgongo unanyooka kama ulivyokusudiwa. Anafuta kingine. Kila kinachopungua kinafanya umbo liwe tulivu zaidi.

Kisha anaitesa nembo. Anaiondolea rangi zote, ibaki nyeusi. Anaipunguza hadi upana wa milimita 15, kwa sababu duka lolote la hapa siku moja litahitaji muhuri, na muhuri wa mpira hauna huruma na mistari myembamba. Mstari wa ndani unaziba. Anaunenepesha mpaka unaonekana, kisha anaikuza nembo ikae juu ya picha ya fremu ya duka, aone kama mtu aliye kwenye daladala ataisoma.

Rangi ndizo zinazomchelewesha kuliko vyote. Kioo huumba rangi kwa mwanga, mashine ya kuchapa huumba kwa wino wa aina nne: sayani, majenta, njano na nyeusi. Bluu iliyopendeza kwenye skrini ilikuwa na sayani 100 na majenta 100, na kwenye sampuli imetoka zambarau. Anashusha majenta hadi 70, anachapa kipande, anakitoa nje kwenye jua, anashusha hadi 65. Maandishi madogo anayaachia wino mweusi peke yake, kwa kuwa wino zote nne zikipishana hata kidogo herufi hupata kivuli. Kuna pia hesabu isiyo ya wino. Kijani na njano zikikaa pamoja, Mtanzania atawaza Yanga au CCM kabla hajasoma neno. Nyekundu na nyeupe, atawaza Simba. Duka la vitenge linauzia wote. Ndiyo maana alichagua bluu, na hilo nalo linaingia kwenye daftari.

Sasa anazipanga kazi sita kwenye kurasa. Anachora kwanza gridi, mistari isiyochapwa ambayo picha na maandishi vitaegemea. Ukitaka kuiona gridi ukiwa Sinza, toka nje: eneo hili lilipimwa kwenye ramani kabla ya kujengwa, chini ya mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970 uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Fremu zimesogea mpaka ukingoni mwa barabara, nyumba zimepanda ghorofa, na bado mitaa inakutana kwa pembe. Kurasa zake zina utulivu wa namna hiyo. Picha hubadilika ukubwa, lakini kila inapoanzia kuna mstari.

Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297. Faili lake ni 216 kwa 303, kwa sababu ameacha milimita 3 kila upande za kukatiwa, kisu kikienda upogo kidogo kusibaki ukingo mweupe. Picha zote ni nukta 300 kwa inchi. Anachapisha Kariakoo na kusimama pale pale kwenye mashine ya kukatia, si kwa kumdharau fundi, bali kumwonyesha ukurasa upi uanze. Kitabu kinafungwa kwa spairo ili kilale wazi mezani bila kushikiliwa. Nakala ya PDF inakaa kwenye fleshi na kwenye barua pepe, herufi zikiwa zimefungwa ndani ya faili zisibadilike kwenye kompyuta ya wengine.

Linabaki jaribio. Kwenye ajira za serikali, Sekretarieti ya Ajira huita watu kwa hatua zinazojulikana: mchujo, vitendo, mahojiano. Kampuni binafsi inaweza kukukalisha tu mbele ya kompyuta usiyoijua. Anajizoeza hivyo. Anaazima laptopu ya jirani, anajipa kazi ya bango la usafi wa mtaa, anaweka saa moja kwenye simu. Robo saa ya kwanza hagusi mausi; anachora kwa penseli. Zikibaki dakika kumi anaacha kuongeza, anaanza kukagua tahajia, tarehe na namba.

Jioni anamfuata mwenye duka la vitenge, mama aliyemfanyia nembo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nionyeshe hao wazungu wako watakachokiona."

"Si wazungu, mama. Ni Mikocheni tu."

Mama anafungua kitabu kwa mikono miwili, anafika kwenye kadi. "Mbona hapa chini pametupu? Karatasi si umelipia yote?"

"Ni nafasi ya kupumulia, mama."

"Karatasi inapumua?"

Binti ananyamaza, anaichukua kadi, anaishika kama mgeni anavyoishika mlangoni. "Angalia kidole gumba changu kilipo. Ningeandika hapa, ukumbi usingesomeka."

"Ehe. Hapo nimekuelewa."

Jibu la kwanza linafutwa kwenye daftari, la pili linaandikwa. Wanaendelea hivyo ukurasa kwa ukurasa. Panapokuja neno la darasani, mama anauliza tena, na binti analitafutia kidole, jua, muhuri au mtu aliye kwenye daladala.

"Na mshahara wakikuuliza?"

"Nitasema chochote watakachoona kinafaa."

"Mimi nikiulizwa bei ya doti ya khanga, nasema chochote utakachoona?"

Binti anageuza ukurasa mpya. Anaorodhesha saa za kuchora, saa za kurekebisha, bando, umeme, ada ya programu, nauli. Anajumlisha, anatoa kiwango, anamwonyesha.

"Punguza," anasema mama, kwa sauti ileile anayosemeshwa yeye na wateja kutwa.

"Sipunguzi, mama. Hesabu yake hii hapa. Wakipunguza pesa, tuelewane napunguza marekebisho mangapi."

"Sema tena," anasema mama, "ila safari hii usitazame chini."