Chuku na Uwongo katika Picha ya Pikipiki Ubavuni pa Trela

Neno chuku limezoeleka katika uhakiki wa mashairi yetu. Mshairi akimsifu mpenzi wake kwa kusema ya kuwa mng'ao wa uso wake wazima taa za mji mzima, hatumwiti mwongo. Twasema amepiga chuku, na msikilizaji hujua mwenyewe cha kupunguza. Lakini mshairi huyo huyo akisema ya kuwa mpenzi wake ni mzaliwa wa Pate, hali ni mzaliwa wa Mombasa, huo ni uwongo, wala vina na mizani haviwezi kumwokoa. Katika makala haya nataka kuyajaribu maneno hayo mawili mahali ambapo hayakuzaliwa, yaani juu ya picha kubwa ya pikipiki inayopakwa ubavuni pa trela la kulalia, kama ifanyikavyo Marekani. Msomaji asishangae. Istilahi isiyoweza kutoka nje ya ua wa ushairi bila ya kupotea njia ni istilahi changa, na kama tunataka Kiswahili kihakiki sanaa zote, yafaa tuitume mbali kidogo tuone itarudi na nini.

Kwanza kitu chenyewe. Trela la kulalia ni chumba chenye magurudumu, kisicho na injini, kinachokokotwa na gari. Ndani yake mna vitanda na jiko, na mara nyingi choo pia. Mengine yana sehemu ya nyuma iliyoachwa tupu kwa ajili ya kubebea pikipiki, na mlango wa nyuma hulazwa ukawa daraja la kuipandishia. Wapenzi wa pikipiki huyatumia kwendea mikutano yao, kama ule wa Sturgis katika jimbo la South Dakota, ulioanza mwaka 1938. Basi picha ya pikipiki ubavuni pa trela la namna hiyo ina kazi ya kibao cha duka kabla haijawa na kazi nyingine: yasema kilichomo ndani.

Afrika ya Mashariki imepata kuyaona matrela ya kulalia kwa wingi kwa mara moja. Mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa matrela 41 kutoka Cape Town kwenda Cairo, ukapitia huku kwetu na Uhabeshi, ukafika penye piramidi mwaka 1960. Matrela yale hayakutegemea picha. Yalikuwa ya aluminiamu tupu iliyosuguliwa ikang'aa, yakabeba namba nyekundu za chama cha wenyewe, basi. Uzuri wake ulikuwa kwamba ubavu wake ulipokea taswira ya nchi lilikopita, leo vumbi na miiba, kesho mlima. Nimeyataja kwa sababu yaonyesha ya kuwa ubavu mtupu si ubavu uliosahauliwa. Mwenye kupaka picha juu yake anafuta kitu, naye yampasa kuleta kilicho bora kuliko alichokifuta.

Ufundi wa kupamba magari huko Marekani una njia mbili, na ni vema zisichanganywe. Njia ya kwanza ni ya mstari. Kenneth Howard, aliyejulikana kwa jina la Von Dutch (1929–1992), alipata sifa kwa kuvuta mistari myembamba kwa brashi yenye nywele ndefu, mistari iliyofuata mikunjo ya bati kama kwamba bati lenyewe lilikuwa likiiomba. Njia ya pili ni ya picha. Hiyo ilishamiri katika miaka ya 1970, watu walipoyajaza mabavu ya magari yao ya bodi ndefu mandhari ya jangwa, tai na mbwa mwitu kwa bomba dogo la kupulizia rangi. Mstari hulitii gari, bali picha hulitawala. Nasi tunazo njia hizo mbili. Macho yanayotiwa kwenye omo ya majahazi ya Lamu, na yale yaliyopakwa kwenye mitepe ya zamani, ni ya njia ya kwanza: yamekaa mahali ambapo chombo chenyewe kina uso. Matatu za Nairobi, pamoja na sura za wanamuziki na wachezaji mpira zilizotandazwa toka dirisha hata dirisha, ni za njia ya pili. Na kanuni za mwaka 2003 zilipotaka kila matatu izungushiwe mstari wa manjano, mchoraji aliambiwa kwa nguvu za sheria ya kuwa ukuta anaoutawala una mwenyewe.

Picha ya pikipiki ubavuni pa trela ni ya njia ya pili, na taabu yake ya kwanza ni hesabu. Pikipiki kubwa ya safari, kama zile za Harley-Davidson, ina urefu wa karibu mita 2.5 na kimo cha kadiri ya mita 1.4 ukipima pamoja na kioo cha upepo. Tuseme ubavu wa trela una urefu wa mita 7 na kimo cha mita 2.2. Ukiikuza pikipiki hata iguse dari, urefu wake utafika karibu mita 3.9 tu, na mita 3 zitabaki tupu. Ukiikuza hata ijaze urefu wote, kimo chake kitakuwa mita 3.9, na mita 1.7 zitakosa ukuta. Mchoraji hana budi kuchagua. Wengi huchagua la kwanza, kisha huogopa ule utupu, wakaujaza ndimi za moto, machweo, na barabara inayokimbilia milimani. Hapo ndipo picha nyingi zinapoharibika. Moto na machweo havikuja kwa sababu pikipiki iliviita, vilikuja kwa sababu ukuta ulibaki. Kwa kadiri nionavyo mimi, afadhali yule anayeacha gurudumu la mbele likatwe na ukingo wa ukuta, ili jicho lilimalizie lenyewe.

Edward Saidi Tingatinga (1932–1972) alikabiliwa na mraba wa ubao huko Dar es Salaam, tena kwa rangi za baiskeli, rangi za kung'aa zilizotengenezwa kwa ajili ya vyombo na si kwa ajili ya picha. Aliuumbia mraba ule mnyama aliyekunjwa akaujaza: shingo hupinda, mkia huzunguka. Chui humstahimili mchoraji. Pikipiki haistahimili, kwa sababu chuma hujulikana kwa vipimo vyake. Silinda mbili za injini ya Harley-Davidson zimeachana kwa pembe ya digrii 45. Mchoraji akiipanua pembe ile kwa ajili ya nafasi ikafika digrii 90, ameiacha Harley-Davidson na kuielekea Ducati, na mwenye trela atamwambia hivyo kabla rangi haijakauka. Kwa hiyo chuku ya umbo imekatazwa hapa, ikabaki chuku ya ukubwa peke yake. Hiyo nayo ni halali kabisa. Hakuna apitaye barabarani anayeamini ya kuwa kuna pikipiki ya mita 3.9, kama yule msikilizaji wa shairi, hujua cha kupunguza.

Sasa tufike kwenye uwongo, ambao hauingii kwa mlango wa ukubwa. Pikipiki si kitu chenye mabavu mawili yaliyo sawa. Katika aina kubwa za Harley-Davidson kichujio cha hewa kiko kulia, pamoja na upande wa injini ambao wapenzi wake hupenda kuutazama. Kushoto kuna kifuniko kirefu cha mitambo ya klachi, mkanda unaozungusha gurudumu la nyuma, na kiguu cha kuisimamishia. Trela nalo lina kulia na kushoto. Marekani magari hupita mkono wa kulia wa barabara, kwa hiyo mlango wa trela huwekwa mara nyingi upande wa kulia, watu washukie ukingoni na si katikati ya magari. Tazama basi mkasa ulivyojipanga. Pikipiki ikielekea mbele pamoja na trela, ubavu wake wa kulia, ulio mzuri, utaangukia ukuta wa kulia, ambao umekatwa na mlango na taa na turubai la kivuli. Ukuta wa kushoto, ulio mpana na safi, utapata ubavu wa kushoto.

Mchoraji mvivu hutatua jambo hili kwa dakika moja. Huchukua karatasi ile ile aliyoitoboa matundu kuzunguka mistari ya mchoro, akaigeuza nyuma mbele, akaipiga vumbi la chaki juu ya ukuta wa kushoto. Pikipiki inaelekea mbele, na kichujio cha hewa kiko kushoto. Mtambo huo haupo duniani. Siku hizi, ambapo picha nyingi hazipakwi tena bali huchapwa kwenye stika kubwa na kubandikwa, kosa hilo limekuwa jepesi zaidi, kwani kompyuta huigeuza picha kabla mtu hajatafakari. Yuko atakayetetea kwa kusema ya kuwa jeshi la Marekani nalo hushona bendera kwenye bega la kulia nyota zikiwa mbele, kana kwamba imegeuzwa. Hoja hiyo haisimami. Bendera ni kitambaa, na kitambaa kina nyuso mbili. Aliyesimama upande wa pili wa mlingoti huiona hivyo hivyo. Ukisimama upande wa pili wa pikipiki hukioni kichujio kilichogeuzwa. Unaona mkanda.

Hii ndiyo tofauti niliyokuwa nikiitafuta. Chuku huzidisha kile kilichopo, na mtazamaji hukipata kwa kupunguza. Uwongo hubadili nasaba ya kitu, na hakuna hesabu ya kuurudisha. Picha ya mita 3.9 iliyo sahihi ni kweli zaidi kuliko picha ya mita 1 iliyogeuzwa. Nathubutu kusema zaidi: mchoraji anayeupenda ubavu wa kulia kiasi cha kutaka kuuweka kwenye ukuta wa kushoto, na auweke bila ya kuugeuza, pikipiki ielekee nyuma, iende mbio kinyume cha gari linalovuta. Watu watacheka, na kicheko hicho kitakuwa kinaya safi, kwani kila mtu anajua ya kuwa trela halina injini na linakwenda linakopelekwa. Wako watakaoliona pendekezo hili kuwa la kipuuzi. Mimi naliona kuwa aminifu.

Jambo la magurudumu lastahili neno. Chini ya magurudumu mawili makubwa yaliyopakwa yapo yale madogo ya trela, ambayo huzunguka kweli. Trela likiwa limeegeshwa, miduara hii huishi pamoja kwa amani. Likianza kwenda, madogo huzunguka na makubwa husimama, kila mchirizi wa gurudumu ukihesabika. Wachoraji wengine huifuta michirizi kwa ukungu wa rangi ili gurudumu lionekane lazunguka. Lakini pikipiki inayokwenda yataka mpandaji, na mara nyingi hakuna aliyechorwa. Ikichorwa imesimama, basi isimame juu ya kiguu chake, na kiguu kiko kushoto, nayo huinama kidogo upande huo. Picha nyingi huionyesha imesimama wima, haina mtu wala kiguu. Siwezi kuliita hilo uwongo wala chuku. Ni usahaulifu, na istilahi yetu ya ushairi haina neno zuri la usahaulifu wa namna hiyo.

Kuhusu lugha ya kazi yenyewe, nimekuwa nikisema kupaka, kuchora na kupamba kana kwamba ni kitu kimoja, na sivyo. Kupaka ni kufunika uso wa kitu, kama mtu apakavyo chokaa nyumba. Kuchora kwanza ni kukata alama, kisha ni kuonyesha umbo. Kutia nakshi ni kupamba bila ya kulazimika kuonyesha chochote, kama kwenye miimo ya milango ya Unguja. Von Dutch alitia nakshi. Mwenye pikipiki ya ukutani hana budi kupaka ndipo achore, na sehemu ya kupaka ndiyo ndefu: aluminiamu inayong'aa haishiki rangi mpaka iondolewe mafuta, ipigwe msasa, na ipakwe rangi ya kwanza iliyo maalumu kwa madini hayo. Kisha jua huanza kazi yake. Rangi nyingi nyekundu hufifia upesi kuliko nyeusi, kwa hiyo ndimi zile za moto huzeeka kabla ya pikipiki.

Unabaki mlango wa nyuma, ambao wachoraji wachache huutilia maanani. Hapo pikipiki yaweza kuchorwa jinsi gari lililoko nyuma lingeiona kama ingekuwa barabarani: gurudumu pana, taa nyekundu, mgongo wa kiti. Ni picha ndogo kuliko zile za ubavuni, karibu na ukubwa wa kweli, na haina kushoto wala kulia pa kugombania. Wakifika kambini, wenyewe hufungua kufuli, mlango hulazwa chini kuwa daraja, picha ikalala kifudifudi majanini, na juu ya mgongo wake hushushwa pikipiki yenyewe, magurudumu yakipita upande ambao haukupakwa kitu.